Ukienda Titicaca usirudi Puno siku hiyohiyo

Mi ni mtoto wa Ukerewe, nimekulia kwenye mitumbwi, so nilivyopata nafasi ya kwenda Peru nikajua habari za ziwa na visiwa hakuna wa kunifundisha. Aisee. Ziwa Titicaca liko mita 3,812 juu ya usawa wa bahari, yaani liko juu kuliko kambi ya Horombo pale Kilimanjaro ambayo ni 3,720, na Horombo wapanda mlima wanafika kwa miguu siku ya pili, pole pole, mimi nimetoka Lima ambako ni pwani kabisa, nikashuka na ndege Juliaca, jioni nikala kuku mzima Puno, mji ulio kando ya ziwa, nikalala. Usiku kichwa kinagonga kama mtu anatwanga kisamvu, nikijigeuza tu kitandani pumzi inakata.

Kwa hiyo kabla ya mambo ya boti, kaa Puno siku mbili bila kufanya lolote la maana. Kula kidogo, maji mengi, pombe achana nayo. Watakupa chai ya majani ya koka, yale yanayotengenezewa kokeni, au ya muña, kamajani fulani kananukia kama mnanaa, kunywa tu. Ila majani ya koka usithubutu kuyabeba kwenye begi wakati wa kurudi, kwao ni halali, kwenye airport za wengine hiyo ni kesi.

Sasa visiwa. Wengi wanaenda Uros tu, vile visiwa vinavyoelea, nusu saa hivi kwa boti, wanapiga picha wanarudi kula lunch mjini. Uros ni pa kushangaza kweli, sikatai. Wanakata mapande ya mizizi ya matete, wanayaita totora, wanayafunga pamoja halafu juu wanatandaza matete makavu, na kwa kuwa ya chini yanaoza kila siku basi kazi ya kuongeza mengine juu haiishi. Ukikanyaga panabonyea kama godoro. Jiko linawekwa juu ya mawe, maana moto ukishika hapo mmekwisha. Lugha yao ya zamani imeshapotea, sasa hivi wanaongea Kiaymara, ukifika sema "kamisaraki" watakujibu "waliki" na sura zitabadilika. Ila ukweli ni kwamba boti zinashusha watu mfululizo, unaimbiwa, unauziwa, unaondoka, hata jina la mtu hujaulizia. Nunua kitu kidogo kwao, wanaishi kwa hiyo, halafu songa mbele.

Songa mpaka kisiwa cha Amantaní, kama masaa matatu hivi kwa boti, na ulale. Hakuna magari, unalala nyumbani kwa mtu, na familia zinapokea wageni kwa zamu ili riziki izunguke. Hapa nina kidonda: wakala mmoja mjini aliniuzia safari kwa bei ya juu akaapa kwamba nyingi inaenda kwa familia, kufika kule mama mwenye nyumba akanitajia alichopata yeye, nikaona aibu mimi. Bora uende bandarini Puno asubuhi uulize boti za wenyeji wenyewe, na hela ya kulala umpe mama mkononi. Beba noti ndogondogo, ATM hakuna. Na usiende mikono mitupu jamani, sisi tunajua kwenda ugenini, beba mchele, sukari, matunda. Pipi za kugawia watoto njiani hapana, unawafundisha kuombaomba.

Mchana tulikula supu ya kinoa, nafaka yao ya huko, viazi na jibini ya kukaanga. Kihispania changu ni cha kuokoteza na mama Kihispania alikitumia pale Kiquechua chake kilipogoma, lakini nilivyomuonyesha kwenye simu picha ya dagaa wameanikwa kwetu tukaelewana mpaka usiku. Samaki aina ya trucha wanaouzwa kila hoteli ya Puno si wa asili ya ziwa lile, waliletwa miaka ya 1940 na samaki wadogo wa asili wakapata taabu, nikasema eeh, kwetu tunaita sangara, hadithi ileile.

Baridi ya usiku sina maneno, hasa Juni na Julai. Blanketi alinipa nne, nzito hizo mpaka kugeuka ni kazi. Tochi muhimu, choo kiko nje.

Kurudi boti nyingi zinapitia Taquile, kisiwa kingine. Kutoka gatini unapanda ngazi zaidi ya 500, usishindane na mtu, kuna bibi kabeba mzigo mgongoni alinipita mara mbili sijui alirudi saa ngapi. Kule wanaume ndo wanafuma kofia kwa sindano, wanatembea huku wanafuma, na ufumaji wao UNESCO waliutambua mwaka 2005. Nunua kwenye duka lao la ushirika, bei imepangwa, usibishane. Ila uliza kwanza maana ya kofia, maana mimi nilichagua nyekundu tupu nikaivaa kwa madaha mpaka botini, ndo jamaa mmoja akaniuliza mke nimemuacha wapi. Nyekundu tupu ni ya waliooa, sisi wengine yetu ina nyeupe juu.