Maswali yenu: Milonga nzima nimekaa tu, kosa langu nini?

Toleo lililopita niligusia kidogo tu adabu za kwenye dansi, wacheza tango wakanijia juu na maswali, nikaona bora nafasi yote ya leo niwape wao. Kwa wageni wa mambo haya: milonga ndo usiku wenyewe wa kucheza tango. Muziki unapigwa kwa mafungu, fungu moja linaitwa tanda, nyimbo 3 au 4 za okestra moja, halafu dijei anaweka kipande kifupi cha muziki mwingine kabisa, hiyo ndo kortina, watu wanaachana wanarudi kukaa. Ukimkubali mtu kwa kawaida umemkubali tanda nzima, kwa hiyo si jambo dogo kuchagua nani wa kucheza naye.

Anti, habari za kazi. Mimi ni mama wa miaka 56, tango nimejifunza karibu mwaka na mwalimu wangu anasema naenda vizuri. Ila nikienda milonga nakaa. Juzi nimekaa mwanzo mpaka mwisho, nikacheza tanda moja tu, tena na mwalimu mwenyewe. Mabinti walioanza juzijuzi hata kiti hawakijui. Nikisema niinuke nikamwombe mtu naambiwa hiyo siyo adabu ya tango. Je, niache? – Mama wa pembeni

Usiache mama yangu. Na nisikufiche, umri una sehemu yake, sura ina sehemu yake, hata kiatu kina sehemu yake, na kwa kuwa kumbi nyingi wanawake wanaofuata ni wengi kuliko wanaoongoza, anayeongoza anakuwa na uchaguzi mpana na anaenda kwa anayevutia macho kwanza. Hilo ni kosa la ukumbi, si lako, na nitalirudia hapo chini.

Lakini kuna ambalo liko mikononi mwako. Pale watu wanaombana kwa macho, wenyewe wanaita kabeseo. Unamtazama mtu, naye akikutazama mkakutana, mmoja anainamisha kichwa kidogo, mwingine anaitikia, basi, mmekubaliana bila mtu kusikia, na asiyetaka anaangalia pembeni tu, hamna aliyeaibishwa mbele za watu. Sasa wanawake wengi wanadhani kazi yao ni kungoja kutazamwa. Sivyo! Wewe pia unatazama, tena unaanza wewe. Chagua mtu mmoja, mwangalie kweli sekunde chache, siyo kupepesa macho ukumbi mzima kama unatafuta mlango wa kutokea. Akikuitikia baki umekaa, endelea kumtazama mpaka afike mbele yako, manake mara nyingi kuna mwenzio nyuma yako ambaye naye anadhani ni yeye ameitwa, mkiinuka wote wawili ni fedheha ya bure.

Saa ya kutazama ni ile tanda inapoanza tu, wimbo wa kwanza ukisikika, siyo katikati. Na zijue okestra. Wapo wanaoinuka wakisikia okestra ya D'Arienzo kwa sababu ya yale mapigo yake ya kuchangamsha, wapo wanaokaa mpaka ipigwe ya Pugliese na hapo wanataka mtu wanayemjua. Kama D'Arienzo ndo roho yako, akianza tu uwe umeshainua macho, simu iko kwenye mkoba, maongezi na jirani umeyakatisha. Kaa mahali penye mwanga, siyo nyuma ya nguzo. Na nenda praktika, yaani siku za mazoezi, kule watu wanaombana kwa mdomo tu na wanakujua kabla ya milonga.

Halafu hilo la kuambiwa kuinuka kwenda kumwomba mtu ni utovu wa adabu, inategemea na ukumbi. Kuna milonga wanashika kabeseo kwelikweli na kuna nyingine watu wanaombana kwa mdomo na hamna anayeshangaa. Muulize mwenyeji wa pale, usiwaulize wenzako wa mezani.

Sasa nyie wazoefu, nyie ambao mkiingia kila mtu anainua shingo. Mnajificha nyuma ya kabeseo. Mnasema "mimi sijamkataa mtu," ni kweli hujamkataa, hujawahi hata kuangalia upande aliokaa! Usiku mmoja una tanda nyingi sana, ukitoa moja au mbili kwa mtu usiyemjua umepungukiwa nini? Na usimpe kwa huruma, huruma inasikika kifuani mtu akikukumbatia, mpe kwa sababu unataka kujua anausikiaje muziki. Nawaambia kuna kina mama wa pembeni wanaotembea ndani ya wimbo wa okestra ya Di Sarli kwa utulivu ambao hao mabinti wenu itawachukua miaka kuupata.

Anti, nilikuwa nacheza na dada mmoja, wimbo wa pili ulipoisha akasema "gracias," yaani asante, akaenda kukaa, tanda haijaisha. Watu wote wameona. Nilikuwa hata namsaidia, namweleza pale anapokosea. Kwa nini anidhalilishe? – Kaka mwenye uchungu

Kaka, jibu umelileta mwenyewe. Ulikuwa unamfundisha katikati ya milonga na yeye hakukuomba. Hata kama ulikuwa sahihi kwa kila neno, pale si darasani. Kuacha tanda katikati ni jambo zito, watu hawalifanyi hivihivi, lakini haki hiyo ipo na lazima iwepo, manake bila hiyo mtu anayeumizwa mkono, au anayebanwa kifuani kuliko alivyotaka, atabaki amenaswa dakika 10 kwa kuogopa macho ya watu. Ukikutana naye mwambie "samahani kwa siku ile" na uishie hapo, usidai maelezo. Kama unaona anakosea, rahisisha unachoongoza. Kutembea tu na kusimama panapostahili kunatosha.

Shikamoo Anti. Mimi naona kwa shida, vitu vya karibu tu. Tango naipenda kuliko dansi zote kwa sababu ukishakumbatiwa macho hayana kazi. Shida ni kabla ya hapo. Kabeseo siwezi, siwaoni. Watu wanadhani naringa. – Msomaji

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara kadhaa na imenikera, siyo wewe, imenikera kwamba mtu anayefaa kabisa kwa dansi hii anaachwa mlangoni na utaratibu wa mlangoni. Kabeseo ipo kulinda heshima ya anayeomba na anayeombwa. Pale inapomvunjia mtu heshima inawekwa kando, kwisha, na mwenyeji yeyote wa milonga mwenye akili atakuelewa. Ukifika mtafute kabla hapajajaa, mwambie wazi: mimi sioni mbali, naomba wanaotaka kucheza nami waje waseme kwa mdomo, na mimi nitaomba kwa mdomo. Yeye awapashe wenyeji. Akipenda atangaze tu kwamba mezani fulani watu waombane kwa sauti, bila kukutaja. Rafiki naye anaweza kukunong'oneza "fulani anakutazama."

Na wewe unayekwenda kumwomba, simama mbele yake, taja jina lako kwanza, subiri ajibu, usimshike mkono ukamvuta. Mwisho wa tanda mrudishe mpaka kwenye kiti chake. Hii ya kumrudisha mtu mlipomtoa ni adabu ya zamani ya tango kwa kila mtu, sasa kwake yeye ni zaidi ya adabu.

Kama unaongoza mwenyewe pia inawezekana, ukipata wa mbele na nyuma yako wanaojua. Msafara wa wachezaji unazunguka kinyume na mishale ya saa na kila mtu anashika njia yake, kwa hiyo wakiambiwa watakuachia nafasi.

Anti, mimi mwanaume ila napenda kufuata. Nilicheza na rafiki yangu wa kiume, mwandaaji akaja kutuambia tuache, eti tunaharibu asili ya tango. Ni kweli? – Mfuataji

Siyo kweli hata kidogo. Tango ilizaliwa kwa watu wa kawaida wa Buenos Aires kule Argentina na Montevideo kule Uruguay, wenye asili ya Afrika, wahamiaji kutoka Ulaya, wenyeji, wote wamechanganyika, na UNESCO iliiingiza kwenye orodha yake ya urithi mwaka 2009 kwa mchanganyiko huohuo. Na wanaume wa zamani kule Buenos Aires walijifunza wao kwa wao praktika, kijana anaanza kwa kufuata muda mrefu ndo aruhusiwe kuongoza! Kwa hiyo mwandaaji wako anakuzuia kufanya kile walichofanya hao hao wazee anaowatetea. Tena Hamburg, Ujerumani, walishafanya tamasha la kimataifa la tango isiyojali nani mwanaume nani mwanamke mwaka 2001, na Buenos Aires yenyewe ikafuata 2007.

Nenda ukaongee naye siku isiyo ya milonga, mkiwa wawili, siyo mbele ya wateja wake. Muulize sheria yake inasemaje na kama ni ya kila mtu, manake mara nyingi wanawake wawili wakicheza anawaachia. Akishikilia msimamo, ukumbi ni wake, wewe peleka kiingilio chako panapokupokea. Na walimu mnaonisoma, anzeni darasani: badala ya "wanaume huku, wanawake kule" semeni wanaoongoza huku, wanaofuata kule, mwacheni mtu aende upande anaoutaka, na kila baada ya nyimbo chache wabadilishane.