Muulize Mzee Fundi: Kisahani cha chaji na mgodi wa ng'ambo

SWALI: Shikamoo mzee wangu. Nauza dagaa Kibirizi, hapa Kigoma. Mdogo wangu karudi kutoka Dar na kisahani cha kuchajia simu bila waya. Simu yake ukiiweka juu, chaji inaingia. Yangu haiingii kabisa. Anasema simu zote zitakuwa hivyo, kwa hiyo kobalti na shaba ya Kongo zitapanda bei. Yuko kijana anakusanya milioni 2 kwa kila mtu, atununulie hisa za mgodi ng'ambo ya ziwa. Pesa ninayo, niliiweka ya injini ya boti. Niingie?
Muuza dagaa, Kibirizi

JIBU: Marahaba, binti yangu. Usiingie. Lakini nianze na kisahani, maana hapo ndipo hesabu ya mdogo wako ilipopotea.

Juzi nilifungua mgongo wa simu ya mteja kibandani kwangu, Mwanga. Ndani mna koili ya shaba, bapa, imezungushwa kama dawa ya mbu ya kuchoma. Kisahani nacho kina ya kwake. Umeme ukipita humo huku ukigeuka mwelekeo maelfu kwa maelfu ya mara kwa sekunde, unazaa usumaku, na usumaku huo unaamsha umeme kwenye koili ya simu. Jambo lenyewe Michael Faraday alilionyesha Uingereza mwaka 1831. Simu yako haina koili hiyo, basi, si mbovu. Na mdogo wako avue kava kama lina pete ya chuma, maana chuma kinapata moto na chaji inapotea. Hata bila chuma, njia hii inapoteza umeme mwingi kuliko waya, na LUKU unanunua wewe.

Sasa kobalti. Hiyo imo kwenye betri, haimo kwenye koili. Betri ilikuwa nayo tangu tunachaji kwa waya, na waya ukiondoka haiongezeki hata punje. Shaba inaongezeka kweli, ila koili ile niliiweka kiganjani nisihisi uzito. Bei ya shaba inasukumwa na nyaya za umeme, majumba na magari, si visahani.

Tena hata hadithi ikiwa ya kweli, bei ina njia zake. Mwaka 2018 dunia nzima ilisema magari ya umeme yatamaliza kobalti. Tani moja ikapanda hadi zaidi ya dola 90,000 London. Mwaka uliofuata ikashuka chini ya 30,000. Kongo ilikuwa imechimba zaidi, na watengenezaji wa betri wakawa wanatafuta namna ya kuipunguza. Leo zipo betri za magari zisizo na kobalti kabisa.

Mwaka ule nami nilitoa laki 6 kwa mtu aliyesema ana kitalu huko. Nilipewa karatasi yenye muhuri wa bluu. Namba yake ya simu ilizimwa kabla ya mfungo kuisha, na ada ya shule ya mjukuu wangu nikaikopa. Ndiyo maana nakuandikia kwa ukali huu.

Kijana huyo muulize kitu kimoja: leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana iko wapi? Hapa Tanzania anayeuza hisa kwa watu anapaswa kuwa nayo. Akianza kukuhimiza kwamba nafasi zinaisha leo, nyanyuka uondoke.

Injini nunua, ila usimalize pesa yote. Unakumbuka 2024 ziwa lilivyofungwa tusivue, 15 Mei hadi 15 Agosti. Weka chakula cha miezi 3 pembeni kwanza. Na mdogo wako umlete Mwanga siku yoyote baada ya alasiri. Ninayo koili mbovu mezani, nitampa aishike mwenyewe.