Maswali ya Hesabu: 3 na 4 Kuwa 5

SWALI: Zoezi lasema mashua inavuka kutoka Likoni ikielekea kisiwani Mombasa, kaskazini, kwa mita 4 kwa sekunde, na maji yanayokupwa yanaisukuma mashariki kwa mita 3 kwa sekunde. Nimejumlisha nikapata 7, kitabu chasema 5. Vipi?
Mwanafunzi, Mtongwe

JIBU: Umezijumlisha kama kilo za unga. Unga hauna mwelekeo; kasi hizi ni vekta, na vekta inao, na ukubwa pia. 7 ungeipata iwapo mashua na mkondo vingeelekea upande mmoja, vikikabiliana, 1.

Andika mashariki kwanza, kaskazini pili. Mashua ni (0, 4), mkondo (3, 0). Jumlisha kila sehemu na mwenzake: (3, 4). Ukubwa wake: 3 mara 3 ni 9, 4 mara 4 ni 16; 9 na 16 ni 25, kipeuo cha pili ni 5. Mwelekeo ni kama nyuzi 37 kutoka kaskazini kuelekea mashariki. Usipoutaja, umejibu nusu.

Ukichora kila vekta kama mshale, mkia wa mshale wa pili uanzie kwenye ncha ya wa kwanza. Wengi huanzisha yote miwili pamoja, kisha huunganisha ncha. Hiyo ni tofauti, si jumla. Ubaya ni kwamba hapa urefu utatoka 5 vilevile, kwa kuwa pembe ni mraba, nawe utadhani umepatia; mwelekeo ndio utakaokuumbua.

Mtego mwingine: tuseme upana wa maji ni mita 480. Muda wa kuvuka ni 480 gawanya kwa 4, si kwa 5, kwa sababu mkondo hausaidii kuvuka hata kidogo. Ni sekunde 120, na mashua itatua mita 360 mashariki. Nahodha akitaka kutua ng'ambo mkabala na alikotoka, aelekeze omo, yaani mbele ya mashua, nyuzi 49 hivi magharibi ya kaskazini. Kasi ya kuvuka itashuka hadi kipeuo cha pili cha 7 (16 toa 9), karibu 2.65, na safari ichukue sekunde 181.

SWALI: Vekta ya kutoka A (2, 1) hadi B (5, −3): nitoe ipi kwa ipi?
Mzazi, Majengo

JIBU: Uendako toa utokako. 5 − 2 ni 3. −3 − 1 ni −4, si −2, na hapo ndipo wengi huteleza. Jibu ni (3, −4). Ukiizidisha kwa −2 utapata (−6, 8): urefu maradufu, yaani 10, na mshale umegeuka nyuma.