Mtoto ameleta kiwavi cha ndimu, jirani anataka kukichoma

SWALI: Asalaam aleikum mhariri. Mimi niko Bombo, wiki jana nilimtuma binti yangu akachume ndimu hapo nje tuweke kwa chai, akarudi na tawi zima, na juu ya jani kuna kitu nikajua ni mavi ya ndege, kumbe kinatembea! Akakiweka kwa mkebe, na jina ameshakipa. Ijumaa kilikuwa cheusi na madoa meupe, Jumatatu nafungua naona kijani, kinono, nikasema huyu mtoto amebadilisha, anaapa wallahi hapana. Ukikigusa kinatoa pembe mbili za rangi ya machungwa na kunuka vibaya. Jirani anasema ni sumu, tukichome. Tunakipa kabeji, hakili. Ni mdudu gani huyu?
Mama Watatu, Bombo

JIBU: Waaleikum salaam mama. Kwanza jirani aweke kiberiti chini. Hicho ni kiwavi cha kipepeo, wale wakubwa weusi wenye mabaka ya njano wanaozungukazunguka michungwa, wanasayansi wanamwita Papilio demodocus. Na binti yako hajakudanganya, ni kile kile, kimejichuna ngozi tu. Kikiwa kidogo kinafanana na mavi ya ndege ili ndege wenyewe wakipite, kikikua kinageuka kijani kinajificha kwa majani. Hizo pembe ziko nyuma ya kichwa, ni za kutishia adui kwa harufu, haziumi wala hazina sumu kwa mtu. Mimi nikiwa mdogo tulikuwa tunakitekenya makusudi tuzione, tukanuka mikono mpaka jioni.

Kabeji acheni, kitakufa njaa. Kinataka majani ya ndimu, limau au chungwa, mabichi, ya kila siku, na yasiwe ya mti uliopigwa dawa. Mkebe usiufunge kabisa, funika na kipande cha chandarua, mavi yake mtoe kila asubuhi maana yakilowa yanaota ukungu. Siku moja utaona kimeacha kula, kimeharisha majimaji na kinapanda huku na huku, usiogope sio ugonjwa, kinatafuta pa kujifunga. Simamisha kijiti humo ndani, kitajishika hapo na uzi kama mkanda kiunoni kiwe pupa, yaani kifuko kigumu anamogeukia kipepeo, kijani au kahawia, na hapo msikisogeze. Kama wiki mbili tatu hivi atatoka kipepeo, mabawa yamekunjamana, mwacheni aning'inie mpaka yakauke ndio mfungulie. Wakati mwingine badala ya kipepeo anatoka nyigu mdogo, mama yake alishataga mayai humo zamani, basi mtoto asijilaumu.

Ndimu yako kama ni mti mkubwa viwavi viwili vitatu havitaumaliza, ila mche mdogo vinaweza kuuacha vijiti vitupu, huo vitoe kwa mkono uvihamishie kwa mkubwa.