Printa ya ofisi kuchapa upande mmoja tu

Mkuu, kwa kuwa umesema printa yenu hapo Posta inachapa pande mbili kutoka kompyuta ya mhasibu lakini nyingine zote zinatoa upande mmoja, printa ni nzima. Usimwite fundi aifungue. Tatizo liko kwenye draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuwasiliana na printa.

Windows ikijiongezea printa kupitia mtandao, mara nyingi huweka draiva ya jumla isiyojua kama printa ina kifaa cha kugeuza karatasi. Matokeo yake chaguo la pande mbili linapotea au haliguswi. Fungua sifa za printa, nenda mipangilio ya kifaa, uhakikishe kifaa hicho kimewekwa kuwa kipo. Kama hakionekani kabisa, weka draiva ya mtengenezaji, ya modeli hiyo hiyo. Na kama mnachapa kupitia seva, yaani kompyuta kuu inayowagawia wote printa, rekebisha kwenye seva, sehemu ya mipangilio ya watumiaji wote. Ukibadilisha kwako, wenzako hawapati kitu.

Angalia pia aina ya karatasi. Ukichagua nzito au lebo, printa nyingi hazigeuzi. Saizi iwe A4 kote, kwenye trei na kwenye kompyuta.

Kwa kurasa za wima, upande wa nyuma ukitoka kichwa chini, chagua kugeuza kwa ukingo mrefu.

Halafu hii naomba sana mzingatie: kwa unyevu wa Dar, msiache rimu wazi. Karatasi iliyovuta unyevu hujikunja, na hukwama zaidi inapogeuzwa. Ukimaliza kujaza trei, funga iliyobaki kwenye mfuko wake.