Gari imezeeka, roho haitaki: niuze au niendelee nayo?

Anko shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijagombana na mke wangu. Nina gari saluni ya miaka mingi, niliinunua kabla sijaoa, ndio iliyompeleka mke wangu leba mara zote mbili, na marehemu baba alipokuwa anaumwa nilikuwa namlaza siti ya nyuma nampeleka hospitali, mpaka leo ule mto wake mdogo uko palepale sijautoa. Sasa gari imechoka. Mwaka jana nilibadilisha gia boksi nikafunga na shokapu mpya zote nne, mwaka huu imeanza kuchemsha, fundi anasema gasketi ya silinda hedi imeungua na hedi yenyewe inawezekana imepinda, akaniambia bosi hii gari itakumaliza, uza. Mke wangu naye kila siku uza uza. Mimi nikifikiria mtu atakuja aanze kugongagonga milango na kuniambia gari mbovu nasikia hasira kabisa. Halafu pesa zote nilizoweka mwaka jana ndio zimeenda hivyo? Nitengeneze tena au niuze, na nitajuaje kwamba muda umefika?
*Dereva wa Siku Nyingi*

Marahaba mwanangu, na pole na mzee.

Umeniandikia gia boksi, shokapu na hedi, lakini mimi kilichonishika ni huo mto. Leo jioni kabla hujaongea na fundi wala dalali nenda kautoe, uingize ndani, utafutie sehemu yake. Nakwambia hivi kwa sababu naona unabishana na mke wako kuhusu gari wakati nusu ya ubishi ni msiba ambao haujaisha, na msiba hauna gasketi ya kubadilisha. Ukishautoa kaa kwenye hiyo gari dakika chache uone kama bado ni ileile. Wengine wakifanya hivyo wanagundua walichokuwa wanakililia hakikuwa bodi na matairi, wengine wanagundua kweli wanaipenda gari yenyewe, injini yake, usukani wake, yote ni sawa tu ila ujue wewe ni yupi maana majibu yake hayafanani.

Sasa hiyo hasira yako kwa mnunuzi ambaye hata hajafika. Haiko kwako peke yako. Mwaka 1990 Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walitoa utafiti wao maarufu, waliwagawia wanafunzi vikombe, vikombe vya kawaida tu vya kunywea, nusu wakapewa nusu wakanyimwa, halafu wakaambiwa wauziane. Waliopewa walitaka karibu mara mbili ya bei ambayo wenzao walikuwa tayari kulipa, na kikombe chenyewe wamekaa nacho muda mfupi mno! Sasa wewe una gari iliyobeba watoto wako wakiwa wachanga, unategemea uione kwa macho ya mnunuzi? Hutaweza, na wala usijilazimishe. Tafuta mtu asiye na historia nayo aipangie bei, au jiulize hivi: gari hii hii, na ugonjwa huu huu, ingekuwa ya jirani nisiyemjua ningeinunua kwa shilingi ngapi? Hiyo namba itakayokujia haraka haraka kabla roho haijaingilia, ndio iandike.

Pesa za mwaka jana zisahau kwenye hesabu hii. Najua inauma. Ila gia boksi umeshailipia, ukiuza umeilipia na usipouza umeilipia, haiwezi kuwa sababu ya kuongeza nyingine juu yake. Kitu kimoja tu ambacho hizo pesa zinakupa ni risiti, watu wengi wanazitupa, wewe zitunze kwenye bahasha kwa sababu mnunuzi mwenye akili akiona gari ina kumbukumbu za matengenezo anatulia kidogo kwenye kukandamiza bei. Hatakurudishia zote lakini atapunguza maneno.

Kuna kanuni watu wanaisema sana kwamba ukiona tengenezo linazidi nusu ya bei ya gari basi uza. Mimi siipendi kabisa. Gari ikishazeeka bei yake iko chini mno, kwahiyo karibu kila tengenezo la maana litazidi nusu, kwa kanuni hiyo hakuna mtu angebadilisha hata klachi. Linganisha na kitu kingine: ukitengeneza utaendesha miezi mingapi bila kurudi gereji, na kwa miezi hiyohiyo gari nyingine ingekula kiasi gani, ukiweka bei ya kununulia, bima, na yale matatizo ya gari ya mtu usiyoyajua. Gari yako mbovu angalau ubovu wake unaujua.

Kwenye hedi yako, yaani kile kipande cha juu kinachofunika silinda za injini, usikubali neno "inawezekana". Hedi inafunguliwa, inapimwa kwa rula ya chuma na vipimo vyembamba, kama imepinda inaonekana na kama haijapinda inaonekana. Kabla ya hapo mwambie fundi apime kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo ndani ya silinda, moja moja akuandikie namba. Fungua na kifuniko cha oili uangalie chini yake, ukikuta kitu kama maziwa yaliyoganda maana yake maji yanaweza kuwa yanaingia kwenye oili, na hapo acha kuiwasha kabisa. Angalia na moshi wa nyuma ikiwa imeshapata moto: moshi mweupe mzito usioisha na maji ya rejeta yanapungua, ni maji yanaungua ndani, moshi wa bluu ni oili, na hiyo ya bluu ndio mbaya kwako sababu inaweza kukwambia ringi za pistoni zimechoka, sasa hedi utaitengeneza vizuri halafu chini injini imeisha.

Gasketi yenyewe ni kitu chembamba tu kinachokaa kati ya hedi na injini, unacholipia hasa ni kazi ya kufungua na kufunga. Kwahiyo kama namba za kompresheni ni nzuri na hedi haijapinda au imepinda kidogo ya kuchongwa, mimi ningetengeneza, tena wakati wamefungua ningewaambia waangalie na taimingi belti, ule mkanda unaozungusha valvu zifuatane na pistoni, kama gari yako ina belti, maana nyingi zinatakiwa kubadilishwa kwenye kilomita 100,000 hivi, na ikikatika njiani kwenye injini nyingi valvu zinagonga pistoni na hapo umeagana na injini. Ila kama kompresheni imeshuka na moshi ni wa bluu, usitengeneze. Uza kama ilivyo, mwambie mnunuzi ukweli wote, wapo wanaonunua gari za hivyo kwa ajili ya spea au wana injini nyingine pembeni. Na usikubali ushauri wa kuweka oili nzito ili moshi upungue siku ya kukaguliwa, huo ni wizi tu.

Kitu kimoja hakina mjadala, kutu. Namaanisha kutu ya chini kwenye chasisi, ubavuni chini ya milango, na pale shokapu zinapofungwa, maana ya kwenye mlango ni aibu tu. Ingia chini na tochi, gonga na mpini wa bisibisi, chuma kizima kinalia, kilichoisha kinatoa sauti ya boksi na wakati mwingine bisibisi inazama. Ukikuta hivyo sehemu zinazobeba gari, kumbukumbu zote weka pembeni, watoto wako wasipande tena.

Usije ukadhani nakwambia gari ikizeeka lazima iende. Kulikuwa na mwalimu wa sayansi Marekani, Irv Gordon, alinunua Volvo P1800 nyekundu mwaka 1966, mpaka 2013 akawa amefikisha maili milioni 3 na gari ileile, hizo ni zaidi ya kilomita milioni 4.8. Alikuwa anaipenda, ndio, lakini alikuwa anamwaga oili kwa wakati na kufuata kitabu cha gari kama ratiba ya dawa. Watu wengi wanaosema wanapenda gari zao ukiwauliza mara ya mwisho wamebadilisha maji ya breki lini wanaanza kuangalia juu.

Na muda wa kuuza ni upi? Gari ya zamani bei yake haishuki tena sana mwaka hadi mwaka, ilishashuka zamani. Inashuka siku moja, siku inayokataa kuwaka. Jana ilikuwa gari leo ni skrepa kwa kilo. Kwahiyo kama moyoni umeshajua itaenda, iuze ikiwa inatembea, usingoje ikuamulie yenyewe ukiwa barabarani na familia usiku, maana hapo utauza kwa yeyote atakayekuja na kamba ya kuvutia. Ukitengeneza hedi basi kaeni wewe na mke wako mwandike kabisa kwenye karatasi, kitu kikubwa kinachofuata kikifa, injini au gia boksi, hatutengenezi. Muandike sasa hivi mkiwa mmetulia. Nadhani mke wako atapunguza uza uza yake akiona kuna mwisho unaojulikana.

Ukiiuza, badilisha umiliki siku hiyohiyo, usikubali "nitashughulikia wiki ijayo bro", gari ikigonga mtu ikiwa bado ina jina lako ndio utajua hujui. Na siku mnunuzi anakuja kugongagonga milango, mwachie rafiki yako aonyeshe gari wewe kaa ndani.

Anko mambo! Mimi ni mdada, gari yangu ndio ya kwanza maishani, nimeinunua kwa pesa yangu mwenyewe bila kuombaomba mtu, ya zamani kweli lakini haijawahi kunilaza njiani. Sasa marafiki zangu wote wamebadilisha gari, wakiiona yangu wanacheka wanaiita mkweche, nimeanza kuona aibu nawaza nikope ninunue mpya. Nifanyeje?
*Mkweche Wangu*

Poa mwanangu. Usikope. Gari mpya inapoteza sehemu kubwa ya bei yake miaka ya mwanzo mwanzo, yaani wewe utakuwa unalipa riba kwa ajili ya kitu kinachoyeyuka, kisa kicheko cha watu ambao hawakuwekei hata mafuta. Yako inatembea, endelea nayo, na ile pesa ambayo ungelipa marejesho kila mwezi iweke pembeni uone itakavyokua.

Ila nisikudanganye, kuna kitu gari mpya inakushinda kweli na sio redio. Ule mfumo wa kompyuta unaozuia gari isiserereke kwenye kona, Marekani ulikuwa lazima kwa gari zote mpya za modeli ya 2012 na Ulaya kwa zote mpya kufikia 2014, yako inawezekana haina. Kwahiyo endesha ukijua hivyo, hasa kwenye mvua. Na kaangalie matairi leo, ubavuni kuna herufi DOT na mwisho wake namba nne, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, kwa mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na kashata nzuri kabisa na limeshakauka, na watu wenye gari za zamani wanaozitembeza kidogo ndio wanaoshikwa hapo. Maji ya breki nayo, gari nyingi zinataka yabadilishwe kila baada ya miaka 2 hivi sababu yananyonya unyevu. Ukiyafanya hayo wacha wacheke.

Habari za kazi Anko. Mume wangu ana gari iko juu ya mawe uani miaka sasa, haiwaki, kuku wanatagia ndani. Nikisema iuzwe anasema ataitengeneza mwezi ujao. Huo mwezi haufiki. Nimechoka.
*Mama Uani*

Salama dada yangu, pole. Mwezi ujao wa wanaume wa aina hiyo naujua, hauko kwenye kalenda.

Mumeo huenda anaamini gari iliyopaki inajitunza. Haijitunzi. Petroli inaharibika ndani ya tenki, betri inakufa, diski za breki zinashika kutu zinaganda, mipira na sili zinakauka zinapasuka, na panya wanakula waya ambazo kuzitafuta moja moja fundi atakutoza mpaka ujute. Kila mwaka unaopita hapo uani tengenezo linaongezeka na spea nzuri zilizobaki zinaoza. Mwambie hayo lakini usianze na neno kuuza, anza na neno fundi: aje fundi mmoja akague aandike orodha ya kila kinachohitajika na bei yake, karatasi hiyo aishike yeye mwenyewe mkononi. Wengi wakiiona namba kwa macho yao wanakaa kimya siku mbili tatu halafu wanaanza wenyewe kuulizia nani ananunua.

Akisema bado anataka kutengeneza, sawa, mpe tarehe aitaje yeye na sehemu ya kwanza ya pesa itoke mwezi huohuo. Isipotoka unayo haki ya kumkumbusha mbele ya shemeji zako. Na kama gari ilikuwa ya mzee wake au ina kisa kizito ambacho hajawahi kukwambia, muulize kwanza, kwa upole, usiku mkiwa wawili, kabla ya fundi na kabla ya kitu kingine chochote.

Kadi ya gari aitafute mapema, maana zikishakaa miaka hivyo mara nyingi ndio kitu cha kwanza kukosekana, na bila hiyo hata wa skrepa atakusumbua. Mayai endelea kuokota.