Ng'ombe, hata Kolombia

Swali la wiki hii: "Wewe unayejifunza lugha ya kigeni, ni nini kilichokufanya uipende?" Mimi ni mwongoza watalii wa Arusha, na huu ni mwaka wangu wa nne na Kihispania.

Nilianza kwa ajili ya riziki. Wanaojua Kiingereza huku tumejaa, lakini kampuni ikipata wageni wa Hispania au Meksiko humtafuta dereva anayejua lugha yao, na siku zake hulipwa vizuri. Basi nikanunua kamusi, nikapakua masomo kwenye simu, nikakariri vitenzi kambini usiku. Baada ya miezi minane nilijua kusema, ila kuongea bado.

Kilichonivuta ni desturi. Baba mmoja wa Meksiko alikuja na watoto wake. Kila alipomwita binti yake, binti aliitikia "¿Mande?" Kwenye masomo yangu neno hilo sikulikuta, lakini nililielewa palepale: ni "abee". Kwa familia nyingi za kule, mtoto aliyefunzwa adabu hamwitikii mkubwa kwa "¿qué?", yaani "nini?", kama vile kwetu usivyoweza kumjibu bibi yako "nini?" akabaki anakutazama kwa amani. Baadaye nikafika kwenye usted, ile "wewe" ya heshima. Wahispania huiacha upesi, ilhali Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, wapo wengi wanaoambiana usted hata ndani ya nyumba moja. Aliyekua akiamkia shikamoo hahitaji kuchorewa jambo hilo ubaoni.

Wageni wa Hispania walinifundisha kukaa mezani. Kwao chakula cha mchana ni saa nane au saa tisa, cha usiku ni saa tatu na kuendelea. Mojawapo ya sababu ni kwamba mwaka 1940 serikali ya Franco, dikteta wa Hispania, ilisogeza saa za nchi mbele zilingane na za Ulaya ya Kati, na mpaka leo hazijarudishwa. Wakimaliza kula hawainuki. Muda ule wa maongezi una jina lake, sobremesa. Mimi nilikuwa nakusanya sahani mara tu uma unapowekwa chini, nikiamini ndiyo huduma. Mama mmoja wa Sevilla akaishika sahani yake taratibu, akaniambia, "Siéntese." Keti. Nikaketi. Saa ile moja ilinipa Kihispania ambacho simu haikuwa imenipa mwezi mzima.

Halafu yapo maneno. Waislamu wa lugha ya Kiarabu walitawala sehemu za Hispania tangu 711 hadi mji wa Granada ulipoanguka 1492, wakaacha maneno ambayo nasi tunayo: fulano ni fulani, hasta ina asili moja na hata yetu, azafrán ni zafarani, na alcalde, meya wa mji, ametokana na kadhi.

Lakini siku ninayotaka hasa kuisimulia ni ya Ngorongoro. Tulikuwa tunapita bonde la Malanja, kundi la ng'ombe wa Wamasai likaingia barabarani. Nikazima gari, nikamwambia mpishi aliyekaa pembeni yangu, kwa Kiswahili, "Ng'ombe hao, tuwapishe." Sauti ikatoka kiti cha nyuma: "¿Cómo dijo?" Umesemaje? Alikuwa mama wa Kolombia, mwenyeji wa Cartagena. Nikarudia, ng'ombe. Akashika mdomo. Akaniambia kwamba mwendo wa kama kilomita 50 kutoka kwao kuna kijiji, San Basilio de Palenque, na huko ng'ombe wanaitwa ngombe.

Tulizungumza mpaka kundi likapita na vumbi likatua. Palenque ilianzishwa na watumwa waliotoroka, na wenyeji humtaja Benkos Biohó kuwa ndiye aliyewaongoza. Wahispania walimnyonga Cartagena mwaka 1621. Lugha ya wanakijiji hao ina maneno mengi ya Kihispania, lakini ndani yake kuna Kikongo, lugha ya Kibantu kama Kiswahili. Mtoto ni moná, yaani mwana. Wakitaka wingi hutanguliza ma: ma moná, ma ngombe. Mtu akifa huimbiwa lumbalú, na kilio huchukua siku tisa. Mwaka 2005 UNESCO iliutangaza utamaduni wa kijiji hicho kuwa urithi wa binadamu wote.

Sijui kueleza nilivyojisikia. Miaka yote nilidhani Kihispania ni cha Madrid na kwamba mimi ni mgeni ninayebisha hodi. Kumbe kina chumba kilichojengwa na watu wenye maneno ya mama yangu. Masomo niliyopata hayakuwahi kunitajia Palenque, wala Guinea ya Ikweta, nchi yetu ya Afrika ambayo Kihispania ni mojawapo ya lugha zake rasmi na ambako Wafang na Wabubi huongea lugha za Kibantu. Naomba walimu wetu waanzie huko. Mwanafunzi wa Tanga au Bujumbura ataingia kwa mlango anaoujua.

Siku ya kuondoka nilimletea yule mama kashata za nazi kutoka sokoni. Aliuma kipande, akafumba macho, akasema, "Cocada." Ndizo wanazouza wanawake wa Palenque mitaani Cartagena, beseni kichwani. Zilizobaki alizifunga kwenye kitambaa, akaziweka kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku.